Hila za Amani katika Hadithi ya Fumo Liongo

Hadithi ya Fumo Liongo yajulikana na kila asomaye fasihi ya Kiswahili, na kwa sababu yajulikana sana, mara nyingi husomwa kwa haraka. Husemwa kuwa ni habari za mtu mwenye nguvu kupita kiasi, asiyedhurika kwa silaha yo yote ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Maneno hayo ni kweli, lakini si hadithi yote. Tukiyapanga matukio yake moja moja, twaona kwamba vita vyenyewe havikupewa nafasi kubwa. Kinachosimuliwa hasa ni wakati ambao silaha zimewekwa chini, watu wanakula pamoja na kucheza ngoma pamoja, na mfalme hana raha. Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi hila za mfalme huyo zilivyopangwa, na kuonyesha kwamba kila hila imejengwa juu ya desturi ya amani.

Kwanza yafaa kutaja asili ya maandishi tuliyo nayo. Hadithi kwa lugha ya nathari ilipigwa chapa London mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere cha hadithi za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mtungaji na mwandishi mashuhuri wa hati, aliitunga habari hiyo kwa utendi. Bibi Alice Werner alikusanya mapokeo ya pwani ya kaskazini na kuyaeleza kwa wataalamu katika miaka ya 1920, na mwaka 2004 Gudrun Miehe na wenzake walitoa mkusanyo mkubwa wa nyimbo ambazo wenyeji humhesabia Liongo. Juu ya zama zake wataalamu hawapatani: wako wamwekao mapema kama karne ya 12, na wako wamletao mpaka karne ya 17. Kwa maneno tunayotaka kuyasema hapa, tofauti hiyo haidhuru, kwa kuwa hatutafuti tarehe ya mtu bali maana ya hadithi.

Mahali pa hadithi ni pwani ile iliyo kati ya mlango wa mto Tana na visiwa vya Lamu na Pate. Huko ndiko ilikokuwako miji ya Shaka na Ungwana, na wenyeji wa Kipini na Ozi hata sasa hutaja kaburi la Liongo kuwa liko kwao. Miji ya nchi hiyo ilikuwa jirani na ilikuwa ikishindana. Habari za Pate, zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, zasimulia vita vya Pate na Shanga, Manda na Faza. Na uchimbaji uliofanywa Shanga katika miaka ya 1980 umeonyesha kwamba mji ule ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Upande wa bara walikuwako Wagala, ambao leo huitwa Waoromo, na wale wa mto Tana hujiita Waorma. Misituni walikuwako wawindaji, yaani Wasanye na Wadahalo. Basi mfalme wa mji wa pwani alikuwa na majirani wa pande tatu, na amani yake ilikuwa kitu cha kushonwa na kushonwa tena kila siku.

Jina lenyewe la shujaa latukumbusha vita. Neno fumo katika lugha ya zamani lilikuwa na maana ya mkuki, kisha likawa jina la cheo cha mtawala. Hata hivyo Liongo hakutawala. Mapokeo yasema kwamba alikuwa wa nyumba ya kifalme ya Shaka, lakini ufalme ulikwenda kwa Mringwari, ambaye wengine humwita nduguye na wengine binamu yake. Werner alidhani kwamba nyuma ya ugomvi huo iko tofauti ya sheria mbili za urithi, ya zamani iliyofuata upande wa mama, na ya Kiislamu iliyofuata upande wa baba. Dhana hiyo haikuthibitishwa, lakini yatueleza jambo moja lililo wazi katika hadithi yenyewe: Liongo ni mtu ambaye watu humpenda kuliko yule aliyekalia kiti. Mtu wa namna hiyo wakati wa vita ni ngao ya mji. Vita vikiisha, huwa swali lisilo na jibu.

Sasa tuziangalie hila zenyewe kwa kufuata mpango wa utendi.

Desturi ya kwanza ni ndoa. Wagala wafika Pate kununua chakula, wasikia sifa za Liongo, nao wataka kumwona. Mfalme ampelekea barua, naye Liongo aja kutoka Shaka, akakata kwa muda mfupi safari iliyowachukua wengine siku nne. Wagala wampendapo waomba jambo moja tu, apewe mke wa kwao ili wapate mbegu yake. Ndoa yafanyika, na mtoto wa kiume azaliwa. Kwa dhahiri huu ni mkataba wa amani kati ya pwani na bara, na mfalme ndiye mwenye kuusimamia. Lakini mkataba huo umemfanya Liongo kuwa mkwe wa watu wenye nguvu, na humo ndimo hofu ya mfalme iingiamo. Mtoto aliyezaliwa kwa amani hiyo ndiye atakayetumiwa baadaye kumwua baba yake. Msikilizaji hajui bado, ila msimulizi amekwisha kuweka mbegu ya mambo ardhini.

Desturi ya pili ni kikoa. Liongo, akiisha kupata habari kwamba mfalme amtakia mauti, akimbilia msituni kwa wawindaji. Mfalme awaahidi wawindaji hao fedha wakimletea kichwa chake. Hawathubutu kumkabili, kwa hiyo wamwalika katika kikoa, yaani chakula cha shirika ambacho kila mmoja hukitoa kwa zamu yake. Chakula kikiisha, wapatana kula makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu na kuwaangushia wenzake. Shauri lao ni kumpiga mishale Liongo atakapokuwa juu ya mti. Zamu yake ifikapo, yeye hapandi. Apindua uta wake na kuyaangusha makoma kwa mishale kutoka chini. Tazama ustadi wa jambo hili: Liongo hakuvunja kikoa, wala hakuwashitaki wenzake. Ametoa fungu lake kama inavyompasa, na papo hapo amewaonyesha kwamba ameyajua yaliyo moyoni mwao.

Desturi ya tatu ni ngoma. Mfalme afanya ngoma ya gungu mjini, na huko Liongo akamatwa na kutiwa gerezani. Ashauriwa achague neno la mwisho kabla ya kuuawa, naye ataka ngoma ile ile ya gungu. Kila siku kijakazi Saada alimletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi walikitwaa kile kizuri na kumwachia kibaya. Basi Liongo aliimba wimbo, na ndani ya wimbo alimwagiza mamaye atengeneze mkate wa pumba na kuficha tupa ndani yake. Walinzi waliusikia wimbo wakaufurahia, wala hawakuona kwamba ni barua. Mkate waliudharau. Usiku wa ngoma, matoazi yalipolia na watu walipoitikia, yeye alikuwa akikata minyororo kwa tupa, na sauti ya chuma ikapotea katika sauti ya shangwe. Hapa Liongo ametumia silaha ya adui yake, maana ngoma iliyomtia kifungoni ndiyo iliyomtoa.

Ni jambo la maana kwa mtaalamu wa lugha kwamba wokovu wa shujaa katika sehemu hii ni wa maneno. Nguvu za mwili hazikuikata minyororo. Kilichomfaa ni ujuzi wa kusema neno lenye sura mbili, moja kwa walinzi na moja kwa mama. Hii ndiyo fumbo, na katika baraza la mfalme asiyeaminika fumbo si pambo la mashairi bali ni njia ya kuishi. Pengine ndiyo sababu wenyeji wakamhesabia Liongo nyimbo nyingi hivyo: shujaa wao alikuwa mshairi kwa lazima.

Desturi ya nne ni ujamaa wa damu, na hii haina tupa. Mfalme amwita mtoto wa Liongo na kumwahidi makubwa iwapo ataijua siri ya kumwua baba yake. Wasimulizi hutofautiana: wengine husema alikuwa mwanawe, wengine mpwawe. Kwa vyo vyote ni mtu wa nyumbani. Mtoto aja, amwuliza babaye ni kitu gani kiwezacho kumdhuru. Katika utendi Liongo hadanganyiki. Afahamu kwamba mtoto ametumwa, na amwonya kwamba wao waliomtuma watamhadaa yeye pia. Kisha amwambia siri.

Wasomaji wengi husimama hapa na kuuliza, kwa nini mtu aliyeyajua ya kikoa na ya gungu asiyajue haya? Jibu, kwa maoni yetu, ni kwamba aliyajua. Kikoa mtu aweza kukila kwa hadhari, na ngoma mtu aweza kuicheza huku anapanga jingine. Lakini baba hawezi kuwa baba kwa hadhari. Kumnyima mtoto jibu ni kukiri kwamba mfalme amekwisha kushinda, kwa kuwa hata nyumba ya Liongo imekuwa baraza la hila. Basi ajibu kama baba, na afa kama baba. Wala si bure kwamba mahali penyewe ni kitovu. Waswahili husema kwamba mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Ni alama ya kufungamana kwake na waliomzaa. Silaha za wageni hazikumpata. Aliyempata ni wake mwenyewe, naye alimpigia pale pale pa ujamaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Yatupasa pia kutazama lawama. Katika hadithi iliyopigwa chapa na Steere, Liongo mwenyewe huwaudhi watu wa mji, na watu ndio wanaoanza kutafuta shauri la kumfunga. Katika utendi wa Kijumwa, kosa ni la mfalme aogopaye kiti chake. Tofauti hii si ya kusahihishwa, kana kwamba moja ni sahihi na nyingine ni kosa. Mji uliokwisha kupigana huwa na mashaka mawili: je, shujaa atatudhulumu? na je, mfalme atamwua asiye na hatia? Kila msimulizi alilichukua shaka lililomgusa. Kijumwa aliandika wakati ambapo ufalme wa Pate ulikuwa umekwisha. Pate ilikuwa imeshindwa na Lamu katika vita vya Shela, vilivyopiganwa kati ya 1810 na 1814, na ukoo wa Nabahani ulikuwa umegawanyika kwa fitina na kuhamia Witu. Hatusemi kwamba alikusudia kuandika tarehe ya mambo hayo. Twasema tu kwamba wasikilizaji wake hawakuhitaji kuelezwa maana ya baraza ambalo hakuna amwaminiye mwenziwe.

Mwisho wa hadithi wathibitisha maneno haya. Liongo akiisha kuchomwa, ainuka, aenda mpaka kisimani, apiga magoti na kuvuta uta wake, na afa hali hiyo. Watu wamwona kwa mbali, wadhani yu hai, na hakuna athubutuye kuteka maji kwa siku kadha wa kadha. Mama yake aitwa ambembeleze kwa maneno, hajibu. Ndipo mwili uangukapo na siri ijulikanapo. Mtoto naye hakupata alichoahidiwa.

Tukio hili la kisima ndilo hukumu ya hadithi. Mfalme ametumia ndoa, shirika la chakula, ngoma na damu, yaani vyote vinavyowafanya watu waweze kukaa pamoja, na amepata alichokitaka. Lakini akiisha kukipata, mji wake hauna maji. Msimulizi hasemi kwamba hila hazifai, maana zimefaa. Asema kwamba mfalme atumiaye amani kuwa silaha hataiona tena amani atakapoihitaji. Ataiona mbele ya kisima, imepiga magoti na uta umevutwa, naye hatajua kama i hai au imekufa.