Kuhesabu Pumzi, Kupima Bahari: Kozi Zisizofunzwa Ubaoni

UKIPITA mtaa wa Majengo mjini Nyeri alfajiri ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa imeshika kisawasawa, utasikia vikohozi kabla hujasikia redio. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja. Jiko la makaa huingizwa ndani ili watoto wapate joto, na dirisha huzibwa kwa gunia.

(Hapa, msomaji, tusipite hivi hivi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kujitetea.)

Katika chumba kama hicho mwandishi wa makala haya alikaribishwa chai na mama mmoja anayeuza mandazi. Bintiye alikuwa amepata alama ya C katika mtihani wa KCSE, na mpwa wake, anayemlea tangu utotoni, C+. Binti anataka kuwa miongoni mwa "wale wanaosaidia watu kupumua", aliowaona kwenye televisheni wakati wa korona mwaka wa 2020. Kijana naye anataka kusomea mambo ya bahari, ijapokuwa hajawahi kuiona bahari yenyewe.

"Mimi karo ninayo ya mmoja," alisema mama huyo, "na hata hiyo bado haijatimia."

"Shangazi, mpeleke huyu kwanza. Mimi nitangoja," kijana akamjibu, huku akitazama chini.

Juu ya meza palikuwa na karatasi ya chuo fulani, ambacho sitakitaja, ikitangaza diploma ya tiba ya upumuaji kwa miezi 6. Haikutaja hospitali hata moja ambako wanafunzi wangefanyia mazoezi. Ni karatasi hiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa maana nyumba nyingi nchini zina karatasi kama hiyo mezani.

Tuanze na binti. Nchini Marekani tiba ya upumuaji ni taaluma inayojitegemea, na chama chake kiliundwa Chicago mwaka wa 1947. Mwanafunzi husoma miaka 2 au zaidi, akafanya mazoezi hospitalini, kisha akakalia mtihani wa kitaifa. Hapa Kenya kazi hiyo imegawanywa. Sehemu hufanywa na wauguzi, sehemu na maafisa wa kliniki, sehemu na wataalamu wa viungo wanaomgonga mgonjwa mgongoni ili makohozi yatoke, na sehemu na watoaji wa dawa za usingizi. Kwa hiyo njia iliyo wazi ni kuanza na diploma ya uuguzi au ya kliniki, kisha baada ya kuhitimu kuongeza masomo ya juu, kama vile ya magonjwa ya kifua au ya kuwahudumia wagonjwa mahututi. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka wa 1927, kina tawi papo hapo Nyeri. Alama ya C inaweza kumfungulia binti mlango, mradi masomo kama Biolojia hayakumwangusha.

Je, atafunzwa nini? Jambo la kwanza ni kuhesabu. Atakaa kando ya mtoto mgonjwa, atazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, si nusu dakika kisha kuzidisha kwa mbili. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka: mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, huyo anapumua kwa kasi mno, wa miezi 2 hadi 11 ni mara 50, wa mwaka 1 hadi 5 ni mara 40. Mtoto mwenye kikohozi aliyefikisha hesabu hiyo hushukiwa kuwa na nimonia. Hebu fikiria: maisha ya mtoto yanaamuliwa kwa saa ya mkononi na mtu aliyefunzwa kutoharakisha.

Baadaye huja vifaa. Kipo kile kidude kinachobanwa kidoleni kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Ipo mashine inayovuta hewa ya kawaida, ambayo oksijeni ni kama asilimia 21 tu, na kuichuja hadi ibaki karibu oksijeni tupu. Oksijeni nayo ni dawa kama dawa nyingine. Ina kipimo chake, na ikizidi humdhuru mgonjwa, hasa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Kisa cha Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, chafaa kujulikana na kila mwanafunzi. Mwaka wa 1952 ugonjwa wa polio uliingia huko kwa kishindo. Wagonjwa walilegea hata misuli ya kupumua, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen akashauri mgonjwa atobolewe koo, atiwe mrija, kisha hewa isukumwe mapafuni kwa kubana mfuko wa mpira kwa mkono. Lakini ni nani angebana mfuko usiku na mchana? Wakaitwa wanafunzi wa vyuo, wapatao 1,500, wakakaa kwa zamu kando ya vitanda na kubana, kwa wiki nyingi. Vifo vikapungua sana. Vijana wale hawakuwa na mashine. Walikuwa na mikono na macho, na walijua midomo ya mgonjwa ikianza kugeuka rangi wafanye nini. Hayo hayapatikani katika miezi 6 ya kunakili kutoka ubaoni.

Na kijana wa bahari je? Jirani mmoja alimcheka, akamwuliza samaki wa Nyeri ni wapi. Lakini maji ya mto Chania, unaopita hapo mjini, huingia Sagana, yakawa Tana, na kumwagika katika Bahari ya Hindi huko Kipini. Udongo unaomomonyoka katika mashamba ya milimani hufika baharini. Kijana huyu amekua penye chanzo cha jambo ambalo wataalamu wa pwani hulichunguza mwishoni.

Kwa C+ anaweza kuomba nafasi ya shahada, ikiwa masomo ya sayansi yanatosha. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko mjini humo. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliundwa mwaka wa 1979, na ng'ambo ya mpaka Zanzibar ina Taasisi ya Sayansi za Bahari tangu 1978.

Naye atakalofunzwa kwanza ni kuhesabu! Hutandazwa kamba ya kupimia juu ya mwamba au mchanga, huwekwa fremu ya mraba kila baada ya hatua kadhaa, na kila kilicho ndani ya mraba huandikwa: majani ya bahari, matumbawe, kombe. Maji hayamngoji mtu. Yakipwa saa kumi za usiku, mwanafunzi yuko ufuoni saa kumi za usiku, na kesho yake yatachelewa kwa kama dakika 50. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, hupimwa unene wa mikoko, miguu ikizama topeni, katikati ya mizizi ya mchu iliyochomoza juu kama vidole ili mti upate kupumua. Wanakijiji wa huko wana mradi wao, Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu. Bila vipimo hivyo hakuna mnunuzi. Kadhalika mwaka wa 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe mengi ya pwani yetu kufa, hasara ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokwisha kuhesabu kabla.

Basi mzazi akifika chuoni aulize: mazoezi ni saa ngapi, katika hospitali au ufuo gani, na nauli na malazi ni ya nani? Kijana wa bara atakayefanyia mazoezi pwani atahitaji fedha za chumba ambazo karatasi ya karo aghalabu haizitaji. Kwa kozi za tiba aulize pia ikiwa zimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi au la Maafisa wa Kliniki. Bila idhini hiyo mhitimu hapati leseni, na bila leseni haajiriwi.

Mama wa Majengo aliahidi kwenda KMTC na bintiye Jumatatu kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kijana atatafuta nauli ya kwenda Sagana, kwenye kituo cha samaki cha serikali kilichoanza mwaka wa 1948, akaone kazi kwanza. Nilipokuwa nikiaga, binti aliniazima saa yangu, akaketi kando ya mtoto wa jirani wa miaka 3 aliyekuwa akikohoa, akahesabu dakika nzima. Alipata 36. Akarudia, akapata 35. Mama naye alikuwa amekwisha kulitoa jiko nje.