Vigari Vidogo, Kasi Kubwa: Rekodi Saba za Kumfunza Mjenzi wa Bagi la Umeme

Liweke mezani bagi la rimoti la kipimo cha 1:8. Urefu wake ni kama nusu mita, uzito wake kilo tatu na ushei, matairi yake yana vipele, na shokapu zake nne zimeinuka kama magoti ya panzi. Mtoto atasema ni toi. Lakini limeundwa kwa vitu vilevile vinavyomsumbua mhandisi wa gari la mashindano: gia, difu, joto, hewa na tairi.

Anayetaka kujijengea bagi la kasi huanza kwa kuuliza anunue mota gani. Nami nilianzia hapohapo. Rekodi hizi saba zinaonyesha kwamba mota ni sehemu rahisi ya kazi, maana mwenye fedha huinunua siku moja. Kinacholeta kasi ni kuipa nguvu ya mota njia ya kufika barabarani bila kupotea.

1. Siku ya maili 200

Tarehe 25 Oktoba 2014, huko Saint George, jimbo la Utah, Marekani, Nic Case aliendesha gari lake la betri aliloliita Radio Controlled Bullet. Guinness World Records ikaandika 325.12 km/h, yaani maili 202.02 kwa saa. Tangu hapo wapo waliompita, lakini mlango wa maili 200 ulifunguliwa siku ile.

Kwa mwendo huo gari linakata mita 90 kila sekunde. Dereva akichelewa robo sekunde tu kuurekebisha usukani, gari limeshakwenda mita 22. Ndiyo maana Bullet halifanani kabisa na bagi: ni refu, limelala chini, na bodi yake imelainishwa ili hewa iteleze juu yake. Nguvu inayohitajika kuishinda hewa hukua haraka kuliko kasi yenyewe. Ukitaka kasi mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Case alizipata kilomita za mwisho kwa umbo la gari kama alivyozipata kwa umeme.

2. La dukani lililofika maili 100

Mwaka 2011 kampuni ya Traxxas ya Texas ilitoa XO-1, gari lililouzwa likiwa limeshaundwa, na kampuni ikatangaza kwamba linavuka maili 100 kwa saa, yaani 160 km/h. Hiyo ndiyo kasi ya juu iliyopangiwa treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa takwimu za kampuni, XO-1 hutoka kusimama hadi 96 km/h kwa sekunde 2.3, na hufika 160 km/h kwa sekunde 4.92.

Ninachokipenda zaidi kwenye gari hili ni kufuli lake. Kasi yake ilizuiwa tangu kiwandani, na mnunuzi alipaswa kuifungua mwenyewe kupitia programu ya simu. Watengenezaji walijua kwamba kasi ya namna hiyo haikabidhiwi mtu pamoja na boksi na karatasi ya maelezo.

3. Bagi lililoruka mbali

Bagi limezaliwa kwa ajili ya matuta, kwa hiyo rekodi inayolifaa zaidi ni ya kuruka. Mwaka 2010 mtangazaji wa Uingereza Jason Bradbury, wa kipindi cha The Gadget Show, aliendesha HPI Vorza, bagi la umeme la 1:8, likaruka kutoka kwenye mteremko wa kurukia na kutua umbali wa mita 26.18.

Hapa mjenzi ajifunze kitu. Shokapu ndefu na nafasi kubwa chini ya tumbo ndivyo vinavyolifanya bagi litue salama. Kwenye lami iliyonyooka, vitu hivyohivyo hugeuka adui: hewa huingia chini ya pua, huinua magurudumu ya mbele, na bagi hupinduka kama karatasi iliyopeperushwa. Anayelitaka likimbie huliteremsha chini, hukaza springi za mbele na hulifunga bawa la nyuma kwa kipimo. Baada ya hapo asilirudishe kwenye matuta kabla hajavirekebisha vyote tena.

4. Safari ndefu kwa betri moja

Kasi siyo kipimo pekee. David Stevens wa Australia aliendesha gari la umeme la 1:10 la umbo la Formula 1 kilomita 38.28 kwa seti moja ya betri, kwenye uwanja wa klabu ya Templestowe. Ni karibu na mbio za marathoni, tena kwa gari linalobebeka kwapani.

Rekodi hii haina kishindo, lakini ndiyo yenye somo la bei rahisi kuliko zote. Kila beringi iliyokauka, kila gia iliyobana na kila waya uliolehemiwa vibaya hugeuza umeme kuwa joto. Kabla hujanunua betri kubwa, inua bagi, zungusha gurudumu kwa kidole na usikilize. Likikwaruza, umeme wako unavuja hapo.

5. Dereva mwenye mataji mengi

Masami Hirosaka wa Japani alitwaa mataji 14 ya dunia ya magari ya rimoti chini ya shirikisho la IFMAR. Aliyapata kwenye vumbi na kwenye lami, kwa magari ya aina mbalimbali. Kwenye mashindano haya mota na betri huwekewa mipaka, na wapinzani huwa na vifaa vinavyokaribiana. Kinachobaki ni mikono, na uvumilivu wa kupanga gari upya kila uwanja unapobadilika.

6. Bagi lililobadilisha ufundi

Mwaka 1979 Tamiya ya Japani ilitoa Sand Scorcher, na maelfu ya watu wakaonja bagi la mchangani kwa mara ya kwanza. Lakini lililogeuza mchezo kuwa ufundi wa mashindano ni RC10 la Team Associated ya California, lililotoka 1984. Chasisi yake ilikuwa bakuli la alumini lenye rangi ya dhahabu, na shokapu zake zilijazwa mafuta. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya bagi za umeme za 1:10, lilitwaa taji.

Halikutegemea mota ya ajabu. Wahandisi walipunguza uzito na kuyafanya matairi yagusane na ardhi muda mwingi zaidi. Tairi lililo hewani halisukumi kitu.

7. Binamu wa angani

Kwa kulinganisha tu: tarehe 15 Septemba 2017, kwenye uwanja wa ndege wa Ballenstedt, Ujerumani, Niels Herbrich alirusha ndege ya rimoti yenye injini ya jeti hadi 749.221 km/h. Angani hakuna tairi la kupasuka wala kokoto la kulikwepa. Tofauti hiyo inaonyesha ardhi inavyomgharimu mwenye gari.

Hesabu ya bagi lako

Sasa turudi mezani. Mota isiyo na brashi huandikwa namba ya KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Seli moja ya betri ya lithiamu-polima ina volti 3.7 kwa wastani, hivyo betri ya seli sita ina volti 22.2. Mota ya 2000 KV ikipewa betri hiyo huzunguka mara 44,400 kwa dakika.

Tuseme gia kubwa ina meno 46, pinioni, yaani gia ndogo ya mota, ina meno 18, na difu inagawanya kwa 4.3. Mota itazunguka mara 11 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi la milimita 112 litakupa kama 85 km/h. Badilisha pinioni iwe ya meno 24 na hesabu inapanda hadi karibu 114 km/h. Meno sita tu! Hizo ni namba za karatasi, na barabarani utapata pungufu, kwa sababu hewa na msuguano vitachukua fungu lao.

Lakini kwa mwendo huo tairi linazunguka mara 90 kila sekunde. Tairi laini la bagi huvimba katikati na kuwa jembamba kama sahani, kisha huchanika. Langu la kwanza lilichanika hivyo: nilibadilisha pinioni, nikasahau matairi, na mpira ukabanduka kwenye rimu katikati ya mbio. Tangu siku ile huanza na matairi yaliyofungwa utepe kwa ndani au ya mkanda, yaliyogundishwa vizuri, ndipo nashika bisibisi ya mota.

Pinioni kubwa pia huongeza joto. Ampea 100 kwa volti 22 ni wati 2,200, sawa na nguvu ya pasi mbili za umeme, na sehemu yake hugeuka joto ndani ya kisanduku cha plastiki. Ongeza jino moja moja, kimbia dakika mbili, pima. Mota ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi au betri ikikaribia 60, rudi nyuma. Usiishushe seli chini ya volti 3, chaji kwa chaja inayosawazisha seli, na usiondoke ikiwa inachaji.

Neno la mwisho kwa mjenzi

Bagi la kilo tatu na nusu kwenye 110 km/h hugonga kama jiwe la uzito huohuo lililoangushwa kutoka ghorofa ya 15. Kwa hiyo kabla ya kila mbio washa rimoti, liinue bagi, bonyeza kifyatulio kidogo ili magurudumu yazunguke, zima rimoti, na uhakikishe magurudumu yanasimama yenyewe. Tafuta lami ndefu iliyofungwa, wasimamishe watu nyuma yako, na mtoto yeyote akikatiza, achia kifyatulio hata kama ndiyo mbio bora ya maisha yako. Rekodi unaweza kuijaribu tena kesho.