Filamu za kuchapia fulana: njia ya kuzipaka huamua uimara wa picha

Nembo ya timu ikibanduka kwenye jezi baada ya kufuliwa mara mbili, lawama humwangukia fundi aliyeichapa. Hata hivyo, huenda kasoro ilianzia mbali naye, katika kiwanda kilichotengeneza filamu aliyoitumia. Kwa wachapaji wa Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu unaopakana na Goma, kuijua kazi ya kiwanda hicho ni njia ya kulinda mtaji wao.

Filamu hiyo ni plastiki nyembamba ya poliesta. Upande wake mmoja hupakwa tabaka zenye kazi zinazokinzana: kuushika wino usitiririke wakati wa kuchapa, na kuuachilia filamu inapobanduliwa. Picha huchapwa kinyume, hunyunyiziwa unga wa gundi na kupashwa moto hadi unga uyeyuke. Kisha hubanwa juu ya kitambaa kwa mashine yenye joto la takriban nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, kwa sekunde 10 hadi 15. Mahali palipopakwa kidogo mno, wino hutawanyika au sehemu ya picha husalia kwenye filamu.

Viwanda vina njia kadhaa za kupaka. Iliyo nyepesi kuanza nayo ni fimbo ya chuma iliyozungushiwa waya. Kimiminika hupakwa kwa wingi, kisha fimbo hukwangua ziada. Unene unaobaki ni takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha waya: waya wa milimita 0.2 huacha mikroni 20 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Fimbo ni rahisi kubadilisha, lakini waya ukichakaa huacha mistari.

Njia ya pili ni silinda iliyochongwa vishimo vidogo sana. Vishimo hubeba kimiminika na kukihamishia kwenye filamu. Njia hii hufaa kwa tabaka nyembamba, kimiminika chepesi na mwendo wa kasi. Hata hivyo, silinda ni ghali, na kila moja ina kipimo chake. Atakaye unene tofauti sana huhitaji silinda nyingine.

Ya tatu ni kisu kinachosimama juu ya roli. Hufaa kwa kimiminika kizito na tabaka nene, bali unene hubadilika kulingana na uzito wa kimiminika na kasi ya mashine.

Ya nne hupitisha kimiminika katika mwanya mwembamba kwa nguvu ya pampu. Hapa unene hujulikana kabla ya kupaka. Filamu yenye upana wa sentimita 60, ikipita mita 10 kwa dakika, ikihitaji mikroni 20, pampu itatoa mililita 120 kwa dakika. Usahihi huo una gharama yake: chembe moja ya uchafu ikikwama mwanyani huacha mstari kwenye filamu yote inayofuata.

Basi mwenye kuchagua hutazama mambo manne: unene anaoutaka, uzito wa kimiminika, wingi wa oda na uwezo wa kukausha. Kimiminika chenye asilimia 20 tu ya yabisi kwa ujazo kikipakwa mikroni 20, kitabaki mikroni 4 baada ya kukauka. Kilichosalia sharti kivukizwe, na nishati hulipiwa. Tena, kikikaushwa kwa pupa, uso hufunga mapema na mapovu huacha vitundu.

Mchapaji anaweza kuipima filamu kabla ya kununua roli nyingi. Aiinue kwenye mwanga: mistari inayofuata urefu wa roli huashiria fimbo au mwanya wenye kasoro, na mapande ya kukatiza upana huashiria pampu au mwendo usiotulia. Kisha akate vipande vitatu, kutoka kushoto, katikati na kulia, achape picha ileile na kuifua mara kadhaa. Filamu ihifadhiwe pakavu, kwa kuwa tabaka zake hunyonya unyevu.

Suala hili lina uzito nchini Rwanda. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 za Marekani kwa kilo, ikitaka nguo zitengenezwe nyumbani. Nguo ya nyumbani haiwezi kushindana ikiwa nembo yake haidumu. Aidha, filamu iliyokwisha kutumika ni taka ya plastiki, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na kuweka sheria dhidi ya plastiki za kutumika mara moja mwaka 2019. Kila picha iliyoharibika huongeza taka hiyo bila kumpa mchapaji hata faranga moja.