Je, Wajua? Kilo Zikiondoka Zinapitia Puani

Je, wajua kwamba mafuta mengi ya mwili hayatoki kwa jasho? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown, watafiti wa Australia, walipiga hesabu katika jarida la tiba la BMJ: ukichoma kilo 10 za mafuta mwilini, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni unayoitoa kwa pumzi, na 1.6 zinageuka maji. Kijana anayekimbia Boulevard de Libération hapa Bunia juani na koti zito anapunguza maji tu. Akinywa, kilo imerudi.

Je, wajua sombe haina kosa? Majani ya muhogo ni mboga yenye protini ya kutosha. Kinachonenepesha ni kinachomiminwa juu yake. Gramu 1 ya mafuta yoyote ina kalori 9; gramu 1 ya wanga wa bugali ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese ni kalori 120 hivi. Usiyatupe mawese, yanaupa mwili vitamini A ambayo watoto wanaihitaji. Yapime kwa kijiko, usimimine kwa chupa.

Makemba ya kuchemsha na makemba ya kukaanga? Ndizi ni ile ile. Kalori za ziada zinatoka kwenye karai.

Je, wajua bia ya sentilita 72 yenye kilevi cha asilimia 5 ina kalori 300 hivi? Mtu wa kilo 70 anahitaji kutembea zaidi ya kilomita 5 kuzimaliza. Hapa Bunia anayekunywa mbili, mara nyingi anarudi nyumbani kwa pikipiki.

Chupa ndogo ya sukre, yaani soda, ya sentilita 33, ina karibu gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana 25; sukari ya chai ya asubuhi imo humo.

Je, wajua Wahadza wa Tanzania wamewashangaza wataalamu? Wanawinda, wanachimba mizizi, wanatembea kutwa kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa vipimo vyao: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza anatumia nguvu kwa siku karibu sawa na Mmarekani wa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukifanya kazi nyingi, unabana matumizi mahali pengine. Huenda ndiyo maana anayekimbia kila asubuhi bila kugusa sahani yake anashangaa mizani haisogei. Sahani ndiyo inayopunguza kilo. Mazoezi yanalinda moyo na kuzuia kilo zisirudi. Mimi mwenyewe nilichelewa kulikubali hilo.

Na anayekuambia mababu wa msituni walikula nyama tu? Robert Bailey na Nadine Peacock waliishi na Waefe, wawindaji wa msitu wa Ituri, miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya kalori za Waefe ilitoka mashambani kwa Walese, wakulima jirani zao: muhogo, ndizi, karanga.

Je, wajua hatua 10,000 kwa siku zilianza kama tangazo la biashara? Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya kuhemesha kidogo. Salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, ukichimba mtaro kweli na si kusimama na jembe ukipiga habari, inahesabika.

Je, wajua wapo wanaonunua unene? Kwetu wembamba umebeba harufu ya njaa na maradhi, na haishangazi: wengi waliokimbia vita katika vijiji vya Djugu na Irumu wanatafuta chakula, hawakimbii kitambi. Lakini kati ya vidonge vinavyomezwa ili kunenepa, siproheptadini ni dawa ya mzio, na deksamethasoni inapandisha sukari na shinikizo la damu. Usimeze bila daktari, mama.

Je, wajua huhitaji kurudi kwenye kilo za ujana? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata watu waliokaribia ugonjwa wa sukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo.