Kazi Isiyokuthamini: Uiache au Ubaki Nayo?

Waliovuka Busisi kabla ya daraja wanaikumbuka foleni. Ukifika Kigongo ukakuta kivuko kimeondoka, ulikaa. Madereva walizima magari, akina mama wa mayai na maembe wakapita madirishani, na watu wasiofahamiana wakaanza kuzungumza. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 hivi, tunavuka kwa dakika chache tu. Hatuililii foleni hata kidogo. Lakini mazungumzo yake yalikuwa na faida, na mojawapo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu.

Ilikuwa mwaka 2024. Tulikuwa tumekaa na dada mmoja muuguzi, mzaliwa wa huku kwetu, aliyefanya kazi miaka tisa katika zahanati moja ya binafsi ambayo hatutaitaja. Kando yake alikaa mama mtu mzima aliyekuwa akirudi kutoka kumwona mwanawe Mwanza. Dada alilalamika kichwa na usingizi, akatuuliza kama hizo si dalili za presha. Kabla hatujajibu, mama yule akamtazama usoni.

"Mwanangu, una mgonjwa nyumbani?"

"Hapana, mama. Ni kazi tu. Nimechoka."

"Kazi ni nyingi?"

"Nyingi nimeizoea, mama. Wanaoletwa wapya ndio ninaowafundisha, halafu wao ndio wanaopelekwa semina. Ripoti ya kliniki ya mama na mtoto naandika mimi, anaisaini mwingine. Miaka tisa sijawahi kuambiwa asante. Mwezi ujao naandika barua, naacha."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Unaiacha kazi, au unawaacha watu?"

Dada hakuwa na jibu, na kwa kweli hata sisi hatukuwa nalo. Tumelifikiria swali hilo tangu siku ile.

Tuanze na mwili, kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya. Wapo wanaodhani kutothaminiwa ni suala la hisia tu, kwamba mtu ajikaze. Sivyo. Profesa Johannes Siegrist wa Ujerumani alieleza mwaka 1996 kwamba mtu anayetoa nguvu nyingi kazini na kupata malipo haba huwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Aliposema malipo hakuwa na maana ya fedha peke yake; alihesabu pia heshima, na uhakika wa kesho. Huko Uingereza, Michael Marmot na wenzake walifuatilia afya ya watumishi wa serikali kwa miaka mingi. Waliona kwamba wenye vyeo vya chini walikufa kwa ugonjwa wa moyo kuliko wakubwa wao, na hata walipoondoa katika hesabu mambo kama uvutaji wa sigara, tofauti haikwisha yote. Wote hao walikuwa na ajira ya ofisini, wala si mafukara.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilieleza hali ya mtu kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Lilitaja mambo matatu: uchovu usiokwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona hufanyi tena kitu cha maana. Shirika hilo halikuiita ugonjwa, lakini liliitambua. Mtu mwenye hali hiyo utamwona Jumapili jioni. Watoto wanacheka uani, yeye amenuna, na sababu haijui vizuri. Kumbe ni Jumatatu inayokuja.

Hapa tuombe jambo moja, na tunaliomba kwa msisitizo kwa watu wa pwani ya ziwa. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nenda ukapimwe. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria, tunaoga humo, tunafua humo na kuvua humo, tunajua kichocho cha tumbo kilivyo kwetu. Mtu anaweza kuishi nacho muda mrefu bila kujua, akiwa mchovu tu, tumbo likimsumbua, kazi ikimshinda. Weka hapo malaria, minyoo ya safura na upungufu wa damu, hasa kwa akina mama. Presha yenyewe mara nyingi haina dalili yoyote. Anayengoja kichwa kimuume ndipo apime anaweza kuchelewa. Halafu kuna sonona, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu aone kila kitu hakina thamani: kazi, ndoa, hata yeye mwenyewe. Mwenye sonona akiacha kazi huondoka nayo. Anahitaji matibabu kwanza, na uamuzi mkubwa wa namna hiyo ni afadhali ungoje hadi apate nafuu. Na anayefikia kuwaza kufa asikae peke yake hata siku moja; apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuseme umepimwa, umetibiwa, na Jumapili jioni bado ni ileile. Je, uache?

Tusidanganyane, kukosa kazi nako kunaumiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, watafiti akiwemo mama mmoja aitwaye Marie Jahoda walikaa katika kijiji cha Marienthal, Austria, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima kukosa kazi. Mtu angedhani watu wenye muda mwingi hivyo wangesoma vitabu, wangekutana, wangepumzika. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani, wakakuta wanaume wanatembea polepole na kusimamasimama ovyo. Kazi, hata ile tunayoilalamikia, inatupa saa ya kuamka, watu wa kukutana nao na jina la kujitambulisha nalo. Kwa hiyo kuacha kazi bila kujua kesho utaamka kwenda wapi ni hatari kwa afya, nasi hatuwezi kumshauri mtu hivyo, isipokuwa pale anapopigwa, anapotongozwa kwa vitisho au anapolazimishwa kutenda uovu. Hapo aondoke, mengine yatafuata.

Jambo hili nchini mwetu si geni. Serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wa afya mwaka 2006 na kuajiri wengi katika miaka iliyofuata, hospitali za makanisa zilipoteza wauguzi na matabibu wengi waliohamia serikalini. Wengine walilaumiwa kwamba wamependa fedha. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo. Mtu mwenye watoto shuleni akiona kazi ileile inalipwa vizuri zaidi ng'ambo ya barabara, na pensheni yake ni nzuri zaidi, ana haki ya kuifikiria familia yake. Ila na waliobaki walikuwa na maumivu yao. Mwenzako akiondoka, zamu zake huja kwako.

Hapo ndipo swali la yule mama linaposaidia. Kama unaipenda kazi yenyewe, ukimshika mtoto mchanga bado moyo wako unafurahi, basi pengine ugonjwa uko katika mahali ulipo, na dawa yake inaweza kuwa zahanati nyingine. Daraja nalo limebadili hesabu. Anayelala Busisi anaweza leo kufikiria kazi upande wa Misungwi bila kuogopa kukesha kivukoni. Lakini kama ni kazi yenyewe uliyoichoka, kuhama mahali hakutakusaidia sana. Miezi sita baadaye utakuwa unamlalamikia mkubwa mwingine.

Kabla ya kuondoka, sema. Tumeshangaa kuona ni wangapi hawajawahi kumwambia mkubwa wao lolote. Wamelalamika kwa mume, kwa jirani, kwa wenzao wa jumuiya, na mkubwa mwenyewe hajui. Omba kuonana naye siku isiyo na haraka. Taja unachofanya na taja unachotaka: mshahara fulani, semina, jina lako kwenye ripoti. "Nathaminiwe" ni neno ambalo mtu hawezi kulitekeleza. "Ripoti ninayoandika niisaini mwenyewe" anaweza. Kisha liandike ulilomwambia, utunze nakala.

Ongeeni pia nyumbani, mume na mke, mkiwa na karatasi na kalamu. Ada ya Januari itatoka wapi? Chakula ghalani kitafika mavuno? Je, kuna mkopo wa benki au wa SACCOS unaokatwa kwenye mshahara? Mkopo hauachi kazi pamoja nawe. Na kadi ya bima ya afya inayochangiwa na mwajiri, ikikoma, mwenye pumu au kisukari nyumbani atatibiwa kwa nini?

Sheria nayo ijulikane. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mtu anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, hutoa notisi ya siku zisizopungua 28. Akikataa kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri anaweza kumkata fedha zake. Anayejiondoa mwenyewe kwa kawaida hapati kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, ambacho sheria inampa aliyeachishwa baada ya kutimiza mwaka. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike, na mfanyakazi akaondoka kwa sababu hiyo, inahesabiwa kama ameachishwa. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huenda baada ya miezi mitatu, wakishamaliza kulia, na kukuta muda umepita. Usisahau kudai cheti cha utumishi, wala kuuliza NSSF kama michango yako iliwasilishwa.

Na hapa tugeuke kidogo, maana sisi wenyewe pia ni waajiri. Yule binti anayelea watoto wetu, anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu, mara ya mwisho tulimwita kwa jina lake lini? Analipwa tarehe ngapi? Mlinzi, kijana wa dukani, mpishi wa shule, nao wana Jumapili jioni zao. Tumesikia watu wakilalamikia wakubwa wao kwa uchungu, huku chai wanayokunywa imeletwa na mtu ambaye hajalipwa miezi miwili.

Yule dada tulikutana naye tena baada ya daraja, safari hii stendi. Alikuwa amepimwa: damu ilikuwa chini, na kichocho alikuwa nacho. Alitibiwa, usingizi ukarudi, kichwa kikapoa. Tukadhani mambo yamekwisha.

"Nguvu zimerudi," akasema, "ndiyo maana sasa naona vizuri kwamba kweli walikuwa wananionea."

Alikuwa ameshazungumza na mganga mfawidhi. Ripoti sasa anaisaini mwenyewe. Nyongeza ya mshahara ameambiwa asubiri. Yeye na mumewe wamekubaliana wangoje hadi mtoto wao mkubwa amalize mtihani wa darasa la saba, na wakati huo ameomba kazi mahali pawili, pamoja ni ng'ambo. Barua ya notisi ameshaiandika. Iko kwenye sanduku la nguo, haina tarehe.