Wasia wa Matibabu: Tuhesabu Majalada, Si Ahadi

Wasia wa mali tunaujua. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Lakini mzee akipoteza fahamu, ni nani atakayemsemea kwa daktari?

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 9, yasema mgonjwa asipoweza kutoa idhini, anaweza kuitoa mtu aliyemteua kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Isiolo, mzee huenda mwanawe mmoja yuko malishoni na mwengine Nairobi. Karatasi hiyo ni bora aiandike angali na akili timamu. Mahali pake ni kituo cha wazee, kile wanachofika asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Pale hana haraka, na wahudumu wanamjua.

Kituo kitajuaje kazi imefanyika? Kihesabu. Tuseme kina wazee 20. Katika kila jalada kiulize mambo manne. Jina la mwakilishi limo? Mzee ametia sahihi au dole gumba? Karatasi imepitiwa mwaka huu na kutiwa tarehe? Familia ina nakala? Jalada lenye pengo hata moja lisihesabiwe. Yakitimia 8, hiyo ni asilimia 40. Baada ya miezi sita, kihesabu tena.

Suali la nakala lisidharauliwe. Mgonjwa hukimbizwa hospitali usiku, kituo kimefungwa.

Kuandika hakuleti mauti. Siku ya mtu iko kwa Mola. Kunawaepushia watoto ugomvi mlangoni mwa wodi.