Mkimbizi Aliyetoka Kiwandani



Likitajwa neno mkimbizi, wengi wetu hapa Singida tunamuwaza Mrundi au Mkongo. Hatumuwazi Mwingereza. Ndiyo maana tamthiliya ya televisheni iitwayo The Way, iliyorushwa na BBC Februari 2024 katika sehemu tatu, inatushtua. Imeandikwa na James Graham na kuongozwa na Michael Sheen. Inahusu familia ya Driscoll ya Port Talbot, mji wa kiwanda cha chuma huko Wales. Wafanyakazi wanagoma, mgomo unageuka ghasia, serikali inatumia nguvu, mpaka wa Wales unafungwa. Familia iliyokuwa na nyumba na jina mtaani sasa inakimbia katika nchi yake yenyewe.

Chanzo cha hofu hiyo si cha kubuni. Januari ya mwaka huohuo kampuni ya Tata Steel ilitangaza kuzima matanuru ya kuyeyushia chuma ya Port Talbot, na ajira zipatazo 2,800 zikawa hatarini. Septemba tanuru la mwisho likazimwa. Hakuna aliyekimbia nchi. Hapo waandishi wameongeza chumvi yao. Lakini Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa 1981, alifundisha kwamba kazi ni msingi wa maisha ya familia. Ukiutikisa msingi huo, nyumba nzima inatikisika.

Darasani tunasoma kwa Aristotle tofauti kati ya kile kitu kilivyo katika asili yake na yale yanayokipata tu. Tulidhani ni somo la mtihani. Kumbe ukimbizi ni wa kundi la pili: unampata mtu, haumfanyi kuwa aina nyingine ya mtu. Sisi tunaposema "wale wakimbizi" kama tunavyotaja kabila, tumekosea falsafa kabla hata ya kukosea upendo.

Anayeona ni vigumu kumfikiria Mzungu mkimbizi aulize historia ya jirani zetu wa Kondoa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walipokelewa huko Wapolandi, Wakatoliki wengi wao. Mwaka 1940 Warusi waliwatoa makwao kwa nguvu na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa walipita Uajemi, na kuanzia 1942 meli zikawaleta Afrika Mashariki. Walikuwa hasa akina mama na watoto, maana wanaume wengi walikuwa jeshini. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala na Morogoro. Kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa kuwa vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa katika nchi ya Kisovieti. Mwaka 1952 Papa Pio XII alipoandika Exsul Familia, akiitaja Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo cha kila familia ya wakimbizi, baadhi yao walikuwa bado Tengeru. Makaburi ya waliofia hapo yapo hadi leo, na yanatunzwa.